Ua Liitwalo Lale

Hamburgi, Udachi
20 Aprili 1913

Kwa mke wangu Mwantum, Busi,

Salamu aleikum. Mimi mzima, na baridi imekwisha.

Sikukueleza baridi ya huku kwa sababu ungesema naongeza chumvi. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya boma. Maji yaligeuka jiwe ndani ya ndoo. Miti ilisimama bila jani hata moja, nikadhani nchi nzima imekufa na wenyewe hawajui. Mwezi uliopita zikaanza kutoka ncha za kijani udongoni, na leo bustani yote imejaa maua. Wanayaita tulpe. Kila bua hubeba ua moja tu, limesimama wima kama finjani ya kahawa. Yako mekundu, ya njano, meupe, na mengine yamekolea zambarau hadi yanakaribia weusi. Usiku yanajifumba, jua likipanda yanafumbuka. Wadachi wazima na ndevu zao wanapiga magoti kuyatazama, kwa kuwa kwao ndiyo dalili kwamba kipupwe kimewaachia.

Kazi yangu iko humu bustanini. Siku za Jumapili watu huja wengi mno, na wakishatazama maua hunitazama na mimi, maana hawajaona mtu wa Irangi. Chakula kipo.

Bwana Reimers ameongezewa likizo, ndiyo maana mwaka aliokuahidi alipokuja kunichukua umepita. Atakaporudi bomani Kondoa, nitarudi naye. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mwanetu Sikudhani anasema maneno gani sasa? Nilimwacha hajajua kuita baba.

Ni mimi mumeo,
Zaidi bin Bashiri


Busi
28 Juni 1913

Kwa Baba Sikudhani,

Aleika salamu. Barua yako aliniletea kaka Msafiri kutoka Kondoa. Bado anapika bomani. Nilimsomea mama mara mbili, kisha akataka nimsomee tena pale pa maji kugeuka jiwe. Akasema, "Huyo ni mwanangu, tangu mdogo alikuwa na masihara."

Mvua ilikatika mapema. Uwele umetoka mfupi, masuke yake yanaingia kiganjani. Mtama wa bondeni umekauka. Sikulalamiki, nakuarifu. Jumbe anaita watu kwenda kutengeneza barabara ya boma, na safari hii wanawake nao wamo, tunabeba mawe. Nikienda, mama hubaki na mtoto.

Sikudhani anasema maneno mengi. Anamwita Msafiri baba. Namsahihisha.

Watu wananiuliza utarudi lini, nami nawaambia ulivyoniambia. Sasa niandikie mwezi. Hayo maua yana kazi gani? Yanaliwa, au yanatoa dawa? Mama ndiye anauliza.

Mkeo,
Mwantum


Hamburgi
10 Agosti 1913

Kwa mke wangu Mwantum,

Mwambie mama hayana kazi. Ni ya kutazamwa tu. Lakini sikiliza habari yake, ndipo utajua kwa nini nimeyapenda.

Hapa karibu na ninapolala kuna Mturuki anauza tumbaku, jina lake Nuri. Ni Mwislamu mwenzetu, Ijumaa tunaswali pamoja nyuma ya duka. Ameniambia ua hili si la Wadachi wala la Ulaya. Lilikuwa la porini, kwenye milima ya mawe huko Asia. Waturuki walilichukua wakalilea, na masultani wao wakalipenda kuliko dhahabu. Usiku wa sherehe walibandika mishumaa juu ya migongo ya kobe, wakawaachia kobe watembee bustanini ili maua yaonekane. Baadaye mbegu zake, ambazo ni mviringo kama vitunguu, zilipelekwa Uholanzi. Waholanzi wakaingiwa na wazimu, mtu akawa anatoa nyumba yake na ng'ombe wake apate kitunguu kimoja cha tulpe, kisha asubuhi moja wazimu ukawatoka, na waliobaki na vitunguu wakawa maskini.

Waturuki hawaliiti tulpe. Wanaliita lale. Wewe umesoma chuoni kwa baba yako, hebu andika mchangani: lamu, alifu, lamu, he. Sasa zipange upya, utapata jina la Mwenyezi Mungu. Herufi ni zilezile. Ndiyo maana wamelichonga hata kwenye kuta za misikiti. Katika nchi hii ambayo hakuna anayejua kulitamka jina langu, nimekuta ua linalojua kwetu.

Nimempa Mdachi mmoja wa reli anayekuja huko kikapu cha vitunguu vyake. Atakishusha Dodoma, na wapagazi watakifikisha Kondoa. Vipandeni mlimani juu ya chemchemi, penye baridi, mwezi wa tano. Yakichanua mtajua nilikuwa naona nini.

Nitakuja na Bwana baada ya mwaka mpya. Ana shughuli kidogo zinamchelewesha.

Mumeo,
Zaidi


Busi
14 Desemba 1913

Kwa Baba Sikudhani,

Keti kwanza.

Mama hatunaye. Alishikwa na tumbo wiki ya pili ya mwezi uliopita, akatapika usiku na mchana, hakuwa na mwili wa kupigana nalo. Mimi nilikuwa barabarani. Nilipofika alikuwa bado anafumbua macho. Alizikwa upande wa babaako. Wazee wa msikiti walikuja wote. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuna.

Sikudhani naye aliugua, akapona. Amekonda tu.

Kikapu chako kilifika. Barua yako ya kukieleza ilifika baadaye.

Nina jambo la pili. Bwana Reimers yuko Kondoa. Amerudi tangu mwezi wa kumi na moja, na mke. Niliposikia nilioga, nikavaa kanga yangu ya sikukuu, nikambeba mtoto, nikaenda nikidhani nitakukuta unafungua mizigo. Bwana alikuwa barazani. Nikamwambia, "Bwana, mume wangu yuko wapi?" Akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka alipoweka fimbo. Akasema, "Zaidi? Zaidi anapenda Ulaya." Wakacheka na mkewe.

Sina swali lingine. Ni hilo tu, nimekuandikia alivyosema.

Mkeo,
Mwantum


Hamburgi
2 Februari 1914

Mke wangu Mwantum,

Uliniambia niketi kwanza, lakini barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, huku hakuna pa kukaa. Nimemlilia mama dukani kwa Nuri. Tulimsomea hitima sisi wawili.

Bwana aliondoka kwa haraka, meli haikuwa na nafasi. Usisikilize mzaha wake. Mimi nimebaki kwa ajili ya bustani, masika ya huku yanakaribia na wananitegemea. Mwisho wa mwaka huu nitapata safari.

Nimepata wazo, nalo limenituliza kidogo. Vile vitunguu vya lale usivipande mlimani. Vipande juu ya kaburi la mama. Yakichanua atakuwa na herufi zile juu yake, na itakuwa kama mimi nimesimama pale. Aliwahi kuviona? Alisema nini alipoambiwa mwanawe kamletea maua? Niandikie alivyosema, hata kama ni neno dogo.

Mumeo,
Zaidi


Busi
25 Machi 1914

Zaidi,

Umeuliza mama alisema nini. Nilikuwa nimekusudia usijue mpaka kufa kwangu. Wiki iliyopita Msafiri ameniletea kitu, na sasa sioni kwa nini nikutunze.

Ni picha, karatasi ngumu ya posta. Rafiki wa Bwana alimpelekea kutoka Hamburgi, Bwana akaibandika ukutani sebuleni, wageni wakawa wanaipita wanacheka. Msafiri aliing'oa walipolala. Ni bustani ya tulpe, na katikati ya tulpe umesimama wewe. Umevaa ngozi ya chui. Kifua wazi, miguu wazi, mkononi mkuki, na shingoni meno ya mnyama. Wewe, uliyekuwa huvuki kizingiti bila kanzu na kofia. Nyuma ya kamba kuna wanawake na watoto wao wanakunyooshea vidole. Tarehe iliyoandikwa ni Aprili ya mwaka jana. Ndiyo Aprili uliyoniandikia kwamba watu wanakutazama kwa sababu hawajaona mtu wa Irangi.

Basi sikiliza habari ya mama.

Tulikuwa hatuna nafaka tangu Oktoba. Mama na mtoto walikuwa wanakula mlenda mtupu. Mimi niko barabarani nabeba mawe, mpagazi akaleta kikapu, akamwambia mama, "Kimetoka kwa mwanao, Ulaya." Mama akafungua. Akaona vitunguu. Mwajabu wa jirani alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama aliviweka mapajani, akavifuta udongo kimoja kimoja kwa kanga yake. Alisema hivi: "Mwanangu amejua tuna njaa. Nani alimwambia?" Akamgawia Mwajabu viwili, kwa furaha. Vingine akavikata, akavipika na mlenda. Mtoto alionja akatema, vilikuwa vichungu. Mama alimaliza sufuria, kwa sababu vimetoka kwako.

Mwajabu alitapika na kupona, ana mwili. Mama alikuwa mifupa.

Ndivyo alivyosema. Umelitaka neno dogo, hilo hapo. Sina cha kupanda juu ya kaburi. Na hilo jina unalolipenda, lale, kwetu ni dua tu ya mtu kupata usingizi. Amelala.

Mwantum


Busi
20 Mei 1914

Kwa Baba Sikudhani,

Naomba barua hii ikukute kabla hujaijibu ile ya Machi. Ile niliiandika nikaituma bila kuisoma tena. Yaliyomo ni kweli, lakini si yote.

Nimeitazama picha tena. Mara ya kwanza niliona ngozi na mkuki. Safari hii niliona macho. Hayo si macho ya mtu anayependa Ulaya. Nimeona pia umeweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama unavyosimama ukiwa na aibu, kama ulivyosimama siku ya posa mbele ya baba yangu. Sikudhani aliniuliza, "Nani huyo?" Nikasema, baba yako. Akasema, "Anasikia baridi."

Nimerudi bomani. Safari hii sikwenda kwa Bwana, nilikwenda kwa mkewe, jikoni, Msafiri akinitafsiria. Niliweka picha juu ya meza ya unga, nikaweka mtoto kando yake. Nikasema, "Huyu ni wa huyu." Yule mama alifunika picha kwa mkono. Siku ya tatu yake Bwana aliandika karatasi ya kutaka urudishwe, imepigwa muhuri, imekwenda Dodoma kwa reli. Msafiri ameiona kwa macho yake. Wanasema meli ya mwezi wa nane.

Mvua mwaka huu ilikuwa nzuri. Uwele umejaa. Nimesiriba nyumba upya.

Habari ya mama si kosa lako. Hukumuua wewe, iliyomuua ni njaa. Ungeleta mawe angeyapika. Rudi hata kama una aibu. Mimi sikuolewa na kanzu.

Usinijibu kwa hasira.

Mkeo,
Mwantum


Bremeni
30 Mei 1914

Kwa Mwantum,

Barua yako ya Machi ilinifuata mji kwa mji, nimeipata jana. Sasa nitakuandikia kweli, maana hakuna kilichobaki cha kuficha.

Mama yake Bwana hakutaka mtu mweusi nyumbani mwake. Mwezi wa pili tu baada ya kufika, Bwana alinikabidhi kwa mtu wa maonyesho, pamoja na karatasi zangu za safari. Nilimuuliza, "Kwa muda gani?" Akasema, "Mpaka nikuite." Hakuniita. Tunazunguka miji na maua. Majira ya tulpe hunisimamisha katikati yake, wameyapanda kwa sura ya ramani ya nchi yetu, nami nasimama palipo Kondoa. Nikiambiwa nitikise mkuki natikisa. Watoto hunirushia karanga. Mwanzoni nilikuwa nasema kwa Kidachi, "Mimi ni mtu wa nyumba, nimesoma." Mwenye maonyesho akanikataza kusema, alisema inaharibu.

Yale niliyokuandikia kuhusu uzuri wa maua yalikuwa kweli. Ndiyo kitu pekee nilichoweza kukuandikia bila kusema uongo, kwa hiyo nikakiandika mno.

Na hicho ndicho nilichomlisha mama yangu.

Mwantum, mimi sirudi. Hata wakinifungulia, siwezi kupita mbele ya Mwajabu, siwezi kukaa sebuleni mahali alipoketi mama na kikapu mapajani. Wewe bado kijana. Nimekuacha talaka moja, leo hii, mbele ya Nuri aliyenifuata hapa na Mwislamu mwenzake mmoja. Sahihi zao ziko nyuma ya karatasi hii. Si kwa kosa lako, wala kwa barua yako. Eda yako ikiisha, olewa na mtu aliyepo.

Sikudhani asionyeshwe ile picha.

Zaidi bin Bashiri


Bremeni
12 Julai 1914

Mke wangu Mwantum,

Nimeipata barua yako ya Mei. Ilikuwa Hamburgi dukani kwa Nuri muda wote huu, na Nuri alikuwa huku kwangu. Amekwenda dukani, leo ameniletea. Nimeisoma nikiwa na ile ngozi mwilini, sikungoja kuvua.

Usilifuate lile nililoandika. Nimekurejea. Nimetamka mbele ya Nuri na yule mwenzake, walewale walioshuhudia talaka, na eda yako haijaisha. Kisheria umekuwa mke wangu tena tangu nilipotamka, hata kabla hujasoma. Nuri anasema sheria haisubiri posta.

Karatasi ya Bwana imefika kwa mwenye maonyesho. Amekasirika, lakini ina muhuri, hana la kufanya. Meli inaondoka tarehe kumi ya mwezi wa nane. Nitapita mbele ya Mwajabu. Nitakaa hapo alipokaa mama. Mwambie Sikudhani nasikia baridi kweli, na kwamba nakuja kuota jua kwake.

Sikuletei kitu mkononi. Nakuja mimi tu.

Mumeo,
Zaidi


Busi
25 Septemba 1914

Kwa Zaidi bin Bashiri,

Aleika salamu. Barua hii naiweka mikononi mwa Msafiri, anashuka Dodoma na askari kwenda vitani. Karani wa posta Kondoa anasema tangu mwezi wa nane hakuna meli hata moja iliyoingia, Waingereza wamefunga bahari, na magunia ya barua yamebaki ng'ambo. Labda Msafiri atakutana na mtu. Labda haitafika. Naiandika kwa sababu haifai kumaliza jambo bila kulisema.

Talaka yako ilinifikia Julai. Nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti, akasoma, akasema ni moja, tena imeshuhudiwa, na eda huhesabiwa tangu siku uliyoandika, si siku niliyopokea. Kwa hiyo sehemu yake ilikuwa imekwisha kupita mimi nikiwa nasiriba ukuta.

Lakini nilishika lile neno moja. Nikajiambia, aliyetaka kufunga mlango angeandika tatu. Ameandika moja kwa sababu barua yangu ya Mei iko njiani, na akiipata atanirejea. Nikawa nakwenda Kondoa kila siku ya posta. Karani alifika mahali akinitazama tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Siku ya mwisho ya eda nilikaa kizingitini mwa posta mpaka alipofunga mlango. Nikamwambia, "Tazama tena." Akafungua, akatazama tena. Ni mtu mwema. Hapakuwa na kitu.

Sasa huku wanakamata wapagazi kwa ajili ya vita, na wanawake wasio na waume wanapelekwa kambini kuwasagia askari unga. Sikudhani ningemwacha na nani? Hassani, yule wa mizinga ya nyuki upande wa mlimani, aliyefiwa na mke, ametuma posa. Nilimwambia mwalimu anisomee tena karatasi yako, pengine kuna neno tulilolipita. Akanisomea. Hakuna.

Tulifunga ndoa Ijumaa iliyopita. Ni mtu wa maneno machache. Mtoto anamwita baba, na safari hii sikumsahihisha.

Sikulaumu. Nilikuandikia usinijibu kwa hasira, na kwa kweli hukunijibu kwa hasira. Ningependelea hasira.

Mwantum,
mke wa Hassani